Balbu ya Ardhi

Fundi wetu hakugusa chombo chochote cha stima kwa kiganja. Alitanguliza mgongo wa mkono, taratibu, kama mama anayepima homa ya mtoto, midomo ikinong'ona bismillahi. Nilipomuuliza sababu, alicheka.

"Stima ikikubiga kwa kiganja, mkono inafunga, inashika. Ikikubiga kwa mgongo, mkono inakimbia yenyewe. Kwa nini ushindane nayo?"

Kiswahili chake ndicho hicho, p zimegeuka b na ngeli zimeachwa zijitafutie malisho, lakini sijapata kukutana na mtu aliyenifundisha mengi zaidi kwa Kiswahili. Mimi nilitoka Mwingi, na ngeli zangu pia zilikuwa na mapengo, kwa hiyo hatukuchekana sana.

Tulikuwa katika ofisi ya shirika moja la misaada mjini Garissa, miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Mimi nilikuwa mpiga chapa. Yeye alikuwa mtu wa redio na wa stima yote ya ua ule: jenereta, pangaboi, friji ya chanjo, taa za lango. Ofisi nzima ilimwita Fundi. Mimi nilimwita Adeer, yaani baba mdogo, kama Wasomali wanavyomwita mtu wa rika la baba yao, naye akaniita adeer vilevile, maana kwao neno hilo huenda kwa mkubwa na kurudi kwa mdogo. Ukoo wake aliweza kuutaja mpaka babu wa kumi na kitu bila kupumua. Sikuukariri, na hapa sitajaribu.

Nyumbani kwake hakukuwa na stima. Nilishangaa alipotualika siku ya Idd: kandili ukutani, jiko la makaa, redio ya betri. Nguzo ilipita mbele kabisa ya lango lake na waya haukukata kona kuingia. Mkewe alilalamika mbele yetu kwamba ameolewa na fundi na bado anafuta masizi ya kandili.

"Mimi naijua," alijibu Fundi, akimimina chai. "Wewe huijui. Mtu anayejua fisi haleti fisi kwa mbuzi."

Mkewe akasema fisi huyo ndiye anayeleta unga humu ndani, na sote tukacheka, Fundi kutushinda.

Nyuma ya chumba cha redio, chini ya mlingoti wa antena, kulikuwa na kona yenye mawe matatu bapa na jerikeni za maji. Hapo ndipo madereva, walinzi na makarani walipotawadhia kabla ya sala. Matope hayakukauka pale, na katika mji ambao mchanga wake unaunguza nyayo, matope ni ajabu. Yalinichafulia viatu kila nilipopita kwenda stoo. Siku moja nilimshtakia Fundi, nikamwambia awahamishie watu wake penye saruji. Akanichukua kando, akachutama, akanionyesha kichwa cha fimbo ya shaba kilichochomoza kwenye matope, na waya mnene ukipanda ukutani hadi ndani.

"Stima ni mgeni, adeer. Mgeni unamuonyesha mlango ya kuingia na mlango ya kutoka. Hii ndio mlango ya kutoka. Radi ikianguka kwa mlingoti, inashuka ardhini, inakwenda zake. Lakini mchanga ya Garissa ikikauka, mlango imefungwa. Mgeni anabaki ndani na hasira yake."

Mwanzoni alikuwa akimwaga debe zima kila asubuhi, na walinzi wakamsema, maji ya kununua kwa mkokoteni wa punda yanamwagwa mchangani bure. Ndipo alipoyapanga yale mawe. Maji ya mikono, ya nyuso na ya miguu, mchana kutwa, yakawa yanashuka kwenye shaba bila mtu kunung'unika. Na hakumwambia yeyote. Alisema ukimwambia mtu kwamba udhu wake unanywesha waya, nia yake itachafuka. Mimi aliniambia kwa sababu si Mwislamu, nia yangu haikuwa hatarini. Kwa hiyo katika ua mzima tulikuwa wawili tuliojua, na jambo hilo naliandika hapa ili lisije likasahaulika mbele ya safari.

Kwenye ukuta wa chumba cha redio alikuwa amefunga balbu ndogo na kitufe. Ukibonyeza, stima ilipita kwenye balbu ikaenda kutokea kwenye ile fimbo. Balbu ikiwaka nyeupe, ardhi imekubali. Ikiwa nyekundu kama kaa linalozimika, ardhi imekataa, na usiwashe kitu. Aliibonyeza kila asubuhi kabla hata ya kunisalimia. Mimi nami nikazoea kuibonyeza nikipita, kwa mchezo tu.

Akikaa kwenye redio, Fundi aligeuka mtu mwingine. Saa mbili kamili alivaa hedfoni, akanyoosha mgongo, akaita vituo kimoja kimoja: Wajir, Masalani, Dagahaley. Sauti yake ilishuka na kutulia, na nasema kweli, hata zile p zilijirekebisha kidogo. Alipitisha habari za malori ya unga, za dawa, za madaraja yaliyobebwa na maji. Kitu kimoja hakukipitisha kamwe. Mtu akifiwa, Fundi hakutaja kifo hewani. Aliita kituo, akasema, "Mwambieni fulani aje. Kuna jambo la nyumbani." Basi. Huyo fulani angesafiri siku nzima juu ya lori, na akifika Fundi angemketisha, angempa chai yenye sukari nyingi, angengoja ainywe nusu, halafu ndipo angesema. Kila mtu wa mkoa ule alijua maana ya maneno hayo manne, na hakuna aliyeuliza zaidi. Niliwahi kumwambia kwamba huko ni kumtesa mtu njia nzima. Akajibu kwamba mtu akiwa njiani bado anaomba dua, na hayo si mateso.

Sasa mtu huyohuyo, aliyebeba maneno ya watu wote kwa adabu kiasi hicho, alikuwa hajasema na binti yake kwa miaka mitatu.

Binti alikuwa mmoja tu. Fundi alitaka asome ualimu. Binti akaolewa na kijana mkimbizi wa kambi ya Dagahaley, na kijana akapata karatasi za kwenda kuishi nchi ya mbali, ya theluji. Asubuhi ya kuondoka, mwenzake Fundi wa redio kule Dagahaley aliita: "Fundi, binti yako amesimama hapa kando yangu. Anataka kukusalimu kabla ya basi." Nilikuwemo chumbani. Fundi akabonyeza kitufe cha kusemea. "Laini hii ni ya kazi tu," akasema, akaita Masalani. Siku ile hakunywa chai.

Baadaye binti alileta kikaratasi chenye anwani ya imeli, kwa mkono wa msafiri. Fundi alikitia ndani ya jalada la daftari lake la redio. Kila nilipomwambia aandike barua nimpelekee posta, alikataa.

"Barua inakaa miezi mitatu njiani. Neno ya samahani ikikaa miezi mitatu inaboa. Mimi nataka ifike ikiwa moto."

Kwa hiyo Mkuu wetu aliporudi kutoka Nairobi na habari kwamba tutafungiwa dishi na mashine inayoitwa ruta, na kwamba imeli itatoka Garissa na kufika ng'ambo kabla hujamaliza kikombe, Fundi alisimama mlangoni na kofia mkononi. Aliomba ujumbe wa kwanza uwe wake. Mkuu hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa haraka. Akamwambia, "Wewe ndiye utakayeiwasha, Fundi. Wa kwanza ni wako."

Ruta ilikuja katika boksi, ndani ya lori la mizigo. Fundi aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka juu ya meza ya redio, na kwa siku mbili hakuifungua.

"Imetoka baridi, imerushwarushwa na barabara," alituambia. "Ibumzike. Hata ngamia akitoka safari humkami siku hiyo."

Mkuu alicheka na kutazama saa. Siku ya tatu Fundi alikata gundi kwa wembe, akatoa sponji moja moja na kuzipanga kwa utaratibu aliozikuta nao. Kitabu chake kilikuwa cha Kiingereza. Aliazima kamusi yangu, akasoma sura moja tu, ile ya mambo ya kutimiza kabla ya kuwasha, akairudia mpaka ukurasa ukalegea. Kisha akachukua kalamu ya wino mzito, akaandika yake ubavuni mwa boksi. Vua saa na pete. Swichi iwe kwenye sifuri. Pima stima ya mjini asubuhi, adhuhuri na alasiri, juma zima. Kaza skrubu ya waya wa ardhi. Futa vumbi. Angalia kama hewa inapita nyuma. Mawingu yakionekana, usiwashe. Balbu iwe nyeupe. Na chini kabisa: halafu bismillahi.

Juma zima alipima. Alikuwa akiegemeza shavu mezani, akiichungulia mashine kwa nyuma, akipuliza vumbi ambalo mimi sikuliona. Nilimtania kwamba hata bibi harusi hakaguliwi hivi. Akaniambia bibi harusi anaweza kurudi kwao akichoka, mashine hii haina kwao.

Ujumbe aliuandika kwa Kisomali kwenye karatasi ya daftari, akanitafsiria ili nijue ninachochapa. "Mimi ni baba yako. Siku ile ulisimama kando ya redio nikakukataa. Nilikosa. Niambie kama uko mzima na leo umekula nini." Nikaikunja karatasi pamoja na kile kikaratasi cha anwani, nikavitia kwenye mkoba wangu. Siku ya kuwasha ilipangwa iwe Jumatatu.

Jumamosi asubuhi, katikati ya kuita vituo, Wajir ilimjibu kwa sauti isiyo ya kawaida. Niliisikia mwenyewe kwenye kipaza sauti. "Fundi, unahitajika Tarbaj. Kuna jambo la nyumbani."

Hakuuliza. Alisema, "Nimesikia, Wajir," akavua hedfoni, akauviringa waya wake vizuri kama kila siku. Kaka yake mkubwa alikuwa akiumwa Tarbaj tangu mwezi uliotangulia. Fundi alikunywa maji, akaniita.

"Msiwashe mbaka nirudi, adeer. Na ile kona, usiache ikauke."

Nilimwahidi. Nataka ieleweke kwamba nilimwahidi kwa moyo wote.

Jumatatu hiyo Mkuu alipata habari kwamba wageni wakubwa wangefika Alhamisi, akataka ua usafishwe. Matope ya nyuma ya chumba cha redio yalimkera kama yalivyonikera mimi zamani. Akaamuru mawe na jerikeni vihamishiwe penye saruji karibu na vyoo. Ile notisi niliichapa mimi. Ningeweza kusema, nikaona aibu kumweleza Mkuu habari ya udhu na waya mbele ya madereva, nikajiambia nitamwaga maji mwenyewe. Jumatatu nilimwaga. Jumanne nikamwaga. Jumatano makaratasi ya wageni yalinifika shingoni, na siku ya Alhamisi sikukumbuka hata kidogo.

Alasiri wageni walijaa chumba cha redio na soda mikononi. Upande wa mto Tana mawingu ya vuli yalikuwa yamepanda, meusi, lakini mjini hapakuwa na tone. Mkuu alinigeukia. "Umemwona Fundi kila siku. Kila kitu amemaliza. Washa."

Nilisema Fundi ameomba asubiriwe. Akasema wageni hawasubiri matanga. Nikavua saa. Nikavua pete. Nikasoma ubavu wa boksi, na kila jambo lilikuwa limetimizwa na mikono yake isipokuwa mawingu na balbu. Nikabonyeza balbu. Ilikuwa nyekundu.

Niliitazama. Mkuu akauliza, "Kuna shida?"

"Hakuna," nikasema, nikawasha.

Ruta ilivuma kidogo, na taa nne za kijani zikawaka moja baada ya nyingine. Watu wakapiga makofi. Mkuu akakaa kwenye kompyuta kuandikia makao makuu. Nilimwambia nina ujumbe wa Fundi, ulioahidiwa kutangulia. "Akirudi atautuma kwa mkono wake, itampendeza zaidi," akasema, na labda aliamini hivyo. Mgeni mmoja akaandikia familia yake, mwingine akafuata. Karatasi ilikuwa mkobani mwangu. Ilipotimu robo saa hivi, radi ikapiga mlingoti kabla ya mvua. Chumba kilijaa mwanga, kisha harufu ya plastiki iliyoungua. Hakuna aliyeumia. Ruta ilikuwa na doa jeusi ubavuni na taa zake zote zimezimika.

Ripoti ilisema waya wa ardhi ulifungwa vibaya na fundi wa ofisi. Barua ya kumwachisha kazi ikafuata. Zote mbili nilizichapa mimi, bila kosa hata moja la herufi, na hadi leo nikikumbuka usafi wa kurasa zile naona uchungu.

Aliporudi kutoka matangani alisomewa barua yake amesimama. Hakubisha. Alitoka nje, akazunguka chumba cha redio, nami nikamfuata. Aliangalia mahali palipokuwa mawe. Akachutama, akagusa mchanga kwa mgongo wa mkono. Kisha akaniangalia, na nikajua ameshajua.

"Ilikugusa?" akauliza.

"Hapana, Adeer."

"Alhamdulillahi," akasema, akainuka, akaenda kuaga walinzi.

Watu wa Nairobi walileta ruta nyingine miezi saba baadaye. Waliiwasha kwa dakika mbili bila kuvua saa. Jioni ile, kabla ya kwenda nyumbani, niliuchapa ujumbe wa Fundi herufi kwa herufi na kuutuma kwenye ile anwani. Sikumwambia mtu. Nilidhani nitampelekea jibu na kidogo nitakuwa nimelipa.

Jibu lilikuja siku ya tatu, kutoka kwa mume wa binti. Mkewe alifariki akijifungua, miezi miwili iliyopita. Mtoto ni mzima, wa kike.

Fundi wakati huo alikuwa kwao Tarbaj, akitengeneza redio na tochi sokoni. Nilikaa na jibu lile asubuhi nzima. Mwisho nilikwenda kwenye redio, nikamwomba mrithi wake aniachie hedfoni, nikaita Wajir. "Mtumieni Fundi neno kule Tarbaj. Mwambieni aje Garissa. Kuna jambo la nyumbani." Wajir wakasema wamesikia.

Alifika siku ya pili, adhuhuri, vumbi la lori kichwani. Alikuwa amekonda. Nilimketisha kwenye kiti chake cha zamani, nikampa chai niliyoitia sukari vijiko vinne. Aliinywa mpaka nusu, akaweka kikombe chini, akanitazama akingoja. Nikamwambia.

Alisema inna lillahi, akafunika uso kwa shali. Nililia mimi zaidi. Alipofunua uso aliuliza habari ya mtoto, nikamwambia ni msichana na ni mzima.

"Ile ya kwanza," akasema. "Iliwaka?"

"Iliwaka, Adeer. Taa nne, za kijani."

"Muda gani?"

Ningeweza kudanganya. "Robo saa."

Alitikisa kichwa, macho juu, kama alipokuwa akipima stima. "Na wakati ule alikuwa hai."

"Alikuwa hai. Balbu ilikuwa nyekundu, Adeer. Niliiona, nikawasha. Na karatasi yako nilikuwa nayo mkobani."

"Balbu najua," akasema. "Mchanga ilikuwa kavu, na wewe una macho." Akashika kikombe, akamaliza chai iliyobaki. "Karatasi sikujua."

Stima ya mjini ilikuwa imekatika tangu asubuhi na sasa ikarudi. Pangaboi likaanza kuzunguka. Ruta mpya ilikuwa imezimwa. Nilimwambia kwamba akitaka naweza kumwandikia mume wa marehemu, sasa hivi. Nikanyoosha mkono kwenye swichi.

"Ngoja."

Aliinuka, akabonyeza kitufe cha ukutani. Hakuna mtu aliyekuwa ameigusa balbu ile tangu aachishwe kazi. Iliwaka nyekundu, hafifu. Alitoka nje. Kwa dirisha nilimwona akiburura jerikeni mbili kutoka kwenye saruji. Ya kwanza aliimwaga yote juu ya fimbo ya shaba, akangoja mchanga unywe. Kisha akapandisha mikono ya kanzu, akachutama palepale, na kwa ile ya pili akatawadha.

Aliporudi alikuwa amevua saa. Akabonyeza balbu tena, tukaitazama wote wawili. Ilikuwa nyeupe.

"Washa, adeer," akasema. "Uliza mtoto anaitwa nani."